Mchezaji akistaafu, maiki ni haki yake? Tujadili kwa mfano wa Bob Uecker

Mleta mada:

Wakuu, salamu. Mabishano ya wachambuzi wa mpira kwenye redio zetu yamefika pabaya. Huyu anasema "hujawahi kuvaa njumu, unachambua nini," yule anajibu "umezivaa miaka kumi na sentensi moja huimalizi." Tukitaja majina ya hapa nyumbani, Usimba na Uyanga utaingia kabla ya hoja. Naomba basi tuupeleke mjadala kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuna timu, besiboli ya Marekani. Kule wamebishana juu ya jambo hili tangu enzi za redio za valvu, na mifano wanayo ya kutosha.

Naweka msimamo wangu mezani mapema. Kucheza kunathibitisha kwamba mtu aliona mambo fulani kwa karibu. Hakuthibitishi kwamba anaweza kutangaza. Na mtu ambaye watetezi wa wachezaji wastaafu hupenda kumtolea mfano, Bob Uecker, kwangu ndiye anayewaangusha.

Kwa wasiomjua: Uecker alizaliwa Milwaukee mwaka 1934 na akafariki Januari 16, 2025, akiwa na miaka 90. Alicheza ligi kuu misimu sita, 1962 hadi 1967, akiwa mdakaji. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kinga usoni na kifuani, anamwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira wa aina gani, kisha anaudaka ukimpita mpigaji. Kazi ngumu, haina sifa. Akiwa na gongo mkononi Uecker alipata nafasi 731 za kupiga, akafanikiwa mara 146. Kwa hesabu yao hiyo ni wastani wa .200, kiwango ambacho kocha akikiona anaanza kuangalia nani yuko benchi. Mipira aliyoipiga ikatoka nje ya uwanja ni 14 tu kwa maisha yake yote ya uchezaji.

Mwaka 1967, ambao aliumalizia kwenye timu ya Atlanta, aliongoza ligi kwa mipira iliyompita mdakaji: 27, ingawa alicheza kama nusu tu ya mechi za msimu. Haki yake tumpe, alikuwa anamdakia Phil Niekro, ambaye mpira wake hauzunguki, unayumba hewani na hata mrushaji mwenyewe hajui utaangukia wapi. Uecker alikuwa akisema njia bora ya kuudaka mpira huo ni kusubiri uache kubingirika, halafu uuokote.

Pete ya ubingwa anayo, ya 1964 na St. Louis Cardinals. Katika fainali zile hakucheza hata mechi moja. Mdakaji wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 22, Tim McCarver. Mkumbukeni huyo, tutamrudia.

Basi huyu wa .200 ndiye aliyetangaza mechi za Milwaukee Brewers redioni misimu 54, kuanzia 1971 mpaka 2024, na mwaka 2003 akapewa tuzo ya Ford C. Frick, ambayo kwa mtangazaji wa besiboli hakuna kubwa kuipita. Kama uwanja ndio chuo, huyu alifeli. Alifikaje hapo?

Kwanza aliajiriwa na Bud Selig, mmiliki wa Brewers, kama mtafuta vipaji. Selig alikuwa akisimulia kwamba ripoti ya kwanza ilimfikia imepakaa mchuzi na viazi vya kuponda, haisomeki. Ndipo wakamhamishia redioni, na hapa ndipo watu huruka haraka mno. Hakupewa usukani siku ya kwanza. Alikaa pembeni ya watangazaji wawili wazoefu, Merle Harmon na Tom Collins, akichomekea maneno tu. Alivyosimulia mwenyewe, siku moja wakiwa Yankee Stadium wenzake walimtambulisha kwa wasikilizaji kwenye raundi ya tano, wakainuka, wakatoka, wakamwacha peke yake na maiki. Akajifunza kuogelea akiwa tayari majini, ila waliomtupa walikuwa wamemfundisha kupiga mbizi kwanza.

Hiyo kazi ya redio ina kanuni zake. Red Barber, mtangazaji mkongwe aliyemlea Vin Scully, aliweka mezani saa ya mchanga ya kuchemshia yai, ya dakika tatu. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anaigeuza, anaendelea. Alijua msikilizaji anafungua redio katikati ya mchezo, na kitu cha kwanza anachotaka ni nani anaongoza. Wangapi kati ya mastaa wetu waliopewa maiki wanataja matokeo bila kukumbushwa na mtu wa mitambo?

Scully mwenyewe hakucheza ligi kuu hata siku moja. Alitangaza mechi za timu ya Dodgers misimu 67, 1950 hadi 2016.

Kwa hiyo swali langu: kituo kinapompa mchezaji mstaafu kiti kwa sababu ya jina lake, bila kumfundisha, kinamheshimu au kinamtumia? Karibuni.


Dereva, Wisconsin:

Mkuu umemleta mtu wangu, siwezi kupita kimya. Mimi ni Mbongo, naendesha lori huku. Usiku barabara ya I-94 kutoka Milwaukee kwenda Madison nimemsikiliza huyu mzee kwenye WTMJ 620 kabla hata sijaelewa sheria za besiboli. Nilimuelewa yeye kwanza, mchezo ukafuata.

Umeeleza vizuri ila kuna kitu umekiacha. Besiboli ina mechi 162 kwa msimu, na kabla ya 2023 kila mechi ilikuwa karibu saa tatu, ambamo muda mwingi mrushaji alishika mpira tu, akitema mate, akiangalia mbele. Mwaka 2002 Brewers walipoteza mechi 106. Sasa niambie, timu inafungwa kwa mara ya 95, ni Septemba, saa nne usiku, mtangazaji aliyesomea chuo atasema nini nisizime redio? Atanisomea takwimu? Uecker alikuwa anaanza: siku nimesaini na timu ya Braves kwa dola 3,000, baba yangu alisumbuka sana, maana hakuwa na hela hiyo. Unacheka peke yako kwenye lori. Halafu katikati ya kicheko sauti inabadilika, mpira umepigwa, na anakupeleka nao mpaka ukutani.

Au ile ya Sandy Koufax. Koufax alikuwa mrushaji wa kutisha kuliko wote wa enzi zile, na Uecker mwaka 1965 alimpiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Miaka yote baadaye akawa anasema aliogopa kitendo kile kingemzuia Koufax kuingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa besiboli. Utani wa namna hiyo chuo gani kinafundisha? Ni lazima uwe umesimama mbele ya Koufax, miguu inatetemeka.

Kwa hiyo mimi nasema kucheza kulimpa kila kitu. Na kushindwa kwake ndiko hasa kulimfaa. Staa aliyeshinda kila kitu hana hadithi, ana vikombe.


Mchangiaji wa Mbagala:

Wakuu mnaniacha. Besiboli inatuhusu nini sisi? Tuna wachambuzi wetu hapa wanasema "timu imekosa muunganiko" mechi zote 30 za msimu, tuanze na hao.


Mleta mada:

Ndugu yangu wa Mbagala, tukianza na hao, dakika ya tano utaniuliza mimi ni timu gani. Vumilia, mchango wako kuhusu "muunganiko" nauchukua.


Mwanahabari, Dar:

Nawasalimu wote. Mimi nimesomea kazi hii na nimeifanya, kwa hiyo nina upande na siufichi.

Kaka dereva, hadithi za Uecker ni tamu, ila usiwapime wote kwa yeye. Mtu wa kumuangalia hapa ni Howard Cosell. Huyu alikuwa mwanasheria aliyehamia utangazaji, hakucheza chochote, na alilalamika wazi miaka mingi kwamba runinga za Marekani zinawapa wachezaji wastaafu viti vya waandishi bila kuwadai ujuzi wowote. Alikuwa mtu wa majivuno, wengi hawakumpenda, lakini hoja ilisimama. Na cha kuchekesha, kituo cha runinga cha ABC kilimkalisha pamoja na Uecker kwenye besiboli ya Jumatatu usiku.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi waliletewa mchezaji wa zamani, jina kubwa, akapewa kiti kwenye kipindi nilichokuwa naandaa. Saa kumi na moja alfajiri mimi ndiye niliyekuwa natafuta vikosi, kadi za njano, nani ana jeraha, naandika kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa kwa sababu hakupenda kuvaa miwani. Anaingia saa moja kasoro dakika tano, anaichukua karatasi, anaisoma hewani. Wasikilizaji wanapiga simu: "huyu ndiye anayeujua mpira, amecheza." Mshahara wake sikuuliziwa maoni. Yeye binafsi alikuwa mtu mwema na simlaumu, mfumo ndio uliomweka pale kama picha ukutani.

Na neno "hajacheza" tulitazame vizuri linamlenga nani. Jessica Mendoza alicheza softiboli, mchezo ndugu wa besiboli wenye mpira mkubwa zaidi, akashinda dhahabu ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2015 runinga ya michezo ya ESPN ilimpa kiti cha uchambuzi cha Curt Schilling, mrushaji nyota wa zamani ambaye walimsimamisha kwa alichoweka mtandaoni kuhusu Waislamu. Oktoba 6 mwaka huo, Houston Astros dhidi ya Yankees, akawa mwanamke wa kwanza kuchambua mechi ya mtoano ya ligi kuu kwenye runinga ya kitaifa. Mitandaoni wakamvamia: softiboli siyo besiboli, hajawahi kukabili mpira wa kasi ile. Mtangazaji mmoja wa redio kule Atlanta alisimamishwa kazi kwa matusi aliyomwandikia. Vin Scully naye hakuwahi kukabili mpira ule kwenye ligi kuu. Nani alimuuliza?

Wanaume wasiocheza wanaitwa magwiji, wanawake wasiocheza wanaulizwa cheti. Hapa kwetu ni hivyo hivyo, na sihitaji kutaja mtu.


Kipa wa zamani:

Habari za humu. Nilicheza daraja la kwanza, golini, mpaka goti liliponikatalia. Kwa hiyo mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili, ingawa hakuna kituo kilichonipigia simu.

Dada mwanahabari nakuheshimu, uliyosema kuhusu karatasi ni kweli na ni aibu. Lakini naomba nimrudie McCarver, maana mleta mada alisema tumkumbuke halafu akamwacha.

Novemba 4, 2001. World Series, yaani fainali za ubingwa wa besiboli, mechi ya saba, Arizona Diamondbacks na Yankees, raundi ya tisa ya mwisho, 2 kwa 2. Anayerusha ni Mariano Rivera wa Yankees, ambaye kwenye dakika za kufunga mchezo hakuna aliyekuwa kama yeye. Wakimbiaji wa Arizona wako kwenye vituo vyote vitatu. Mmoja akifika kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni pointi na kombe limeondoka. Kocha wa Yankees amewasogeza mbele wachezaji wa ndani, wale wanaolinda karibu na vituo, wawe karibu na mpigaji, ili mpira ukibingirika wauwahi na kumkata mkimbiaji. Mtu yeyote kwenye kochi angefanya hivyo hivyo.

McCarver yuko kwenye kiti cha uchambuzi. Anasema kuna tatizo moja: Rivera akiwarushia wapigaji wa mkono wa kushoto mpira unakata ndani kuelekea mikononi mwao, wanavunja magongo, na mpira wa gongo lililovunjika huenda kudondoka nyuma kidogo tu ya wachezaji wa ndani. Ukiwasogeza mbele, unaliacha wazi eneo lile lile. Luis Gonzalez, wa mkono wa kushoto, anapiga mpira unaofuata. Gongo linavunjika. Mpira unaelea juu ya Derek Jeter, mmoja wa wachezaji hao wa ndani wa Yankees, unadondoka pale pale. Mchezo umeisha, 3 kwa 2.

Alijuaje? Alichuchumaa nyuma ya wapigaji misimu kwa misimu. Amemdakia Bob Gibson, amemdakia Steve Carlton. Mdakaji ndiye pekee anayetazama uwanja wote akiwa ameuelekea, wenzake wote wanamtazama yeye. Kipa anaelewa hilo. Beki wangu hajui kwamba winga anaingia nyuma yake, mimi nimemuona toka anaanza kukimbia. Niliposikia habari ya McCarver nilijisikia kama mtu amenisemea.

Chuo kingeweza kumpa hilo? Angeweza kusoma takwimu za Rivera, sawa. Lakini kulisema kabla ya mpira kurushwa, sekunde chache tu, mbele ya taifa zima, bila kuogopa kuumbuka! Na mtu huyo alitangaza World Series 24 kwenye runinga. Tuzo ya Frick alipewa 2012.

Halafu jambo lingine ambalo hamtaki kulisema. Uecker aliacha kucheza akiwa na miaka 33. Mchezaji anastaafu umri ambao mwanasheria ndiyo kwanza anapata wateja. Sisi tukiachwa na timu tunakwenda wapi? Bodaboda nimeendesha. Mnasema vituo vinatutumia; mimi ningeomba nitumiwe.


Mdau wa Nairobi:

Wadau hamjambo. Kipa, umeandika vizuri sana, lakini umetuletea McCarver kwa sababu McCarver anakufaa. Nami nawaletea Joe Morgan.

Kwa uchezaji Morgan anamzidi McCarver kwa mbali, Uecker tusimtaje kabisa. Mchezaji bora wa National, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mara mbili mfululizo, 1975 na 1976, na miaka yote miwili Cincinnati Reds yake ikachukua World Series. Yuko Hall of Fame tangu 1990. Mwaka huo huo ESPN walimpa mechi ya Jumapili usiku, akakaa hapo na Jon Miller misimu 21.

Na huko watu wengi walichoka naye. Kulikuwa na blogu nzima, 2005 hadi 2008, ambayo jina lake lilikuwa ni kutaka afukuzwe. Kosa lake lilikuwa nini? Kila akiulizwa kuhusu hesabu mpya za mchezo, jibu lilikuwa kwamba yeye amecheza na hao wenye kalamu hawajacheza. Takwimu hakuzisoma na hakuona sababu ya kuzisoma. Kichekesho ni kwamba takwimu zenyewe zilikuwa zinampenda. Alipewa nafasi ya kutembea bure hadi kituo cha kwanza mara 1,865 kwa sababu hakupiga mipira mibaya, akaiba vituo 689, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Wale wenye kalamu aliowadharau ndio waliokuwa wakisema huyu ni mmoja wa wachezaji bora wa historia, kuliko hata watu wa enzi zake walivyofikiri.

Yaani mtu alifanya kitu kwa ustadi wa hali ya juu na hakuweza kutueleza alikifanyaje. Kipaji kikiwa kingi sana mtu haoni kwa nini wengine wanashindwa. Uecker alishindwa kila siku kwa miaka sita, akawa na muda wa kutosha kwenye benchi kuwaangalia wanaoweza. Mimi nadhani benchi ndilo darasa, siyo uwanja.

Kuhusu ajira baada ya kustaafu, pole sana ndugu kipa, hilo linauma. Lakini hiyo ni hoja kwa chama cha wachezaji na vilabu vyao. Msikilizaji hakuahidi pensheni ya mtu.


Dereva, Wisconsin:

Hilo la benchi nimelipenda. Mkuu wa Nairobi, nitaliiba.

Ila "msikilizaji hakuahidi pensheni" ni maneno makali kwa mtu aliyesema ameendesha bodaboda na goti bovu.


Mleta mada:

Nimefurahi kuona hatujatukanana, jambo geni humu. Kipa, nami namkubali McCarver mia kwa mia, na tukio la 2001 sina la kulipinga. Angalia lakini alikuwa kwenye kiti gani. Pembeni yake alikuwepo mtangazaji wa kazi, Joe Buck, ambaye hakucheza ligi kuu, aliyebeba matokeo, majina, matangazo ya biashara na muda. McCarver akabaki na kazi moja tu, kuona. Kule wamezoea kugawa viti namna hiyo. Kwetu mchezaji mstaafu mara nyingine anapewa kipindi kizima akiongoze, apokee simu, asome na tangazo la benki. Hata McCarver angezama.

Lakini kuna jambo limenisumbua tangu jana, na linakwenda mbali kuliko ujuzi. Nani anamlipa mchambuzi, na marafiki zake ni akina nani?

Oktoba 1992 McCarver alimkosoa hewani Deion Sanders wa Atlanta Braves, kwa kucheza mpira wa Kimarekani na besiboli ya mtoano siku moja, akirukia ndege kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Braves walipotwaa ubingwa wa National, Sanders akamfuata McCarver chumba cha kubadilishia nguo na ndoo ya maji, akammwagia, zaidi ya mara moja, mbele ya kamera. Hiyo ndiyo gharama ya mchezaji wa zamani kusema kweli juu ya mchezaji. Wangapi wa kwetu wako tayari kuloweshwa?

Sasa mgeuzieni Mendoza, ambaye dada mwanahabari amemtetea kwa haki. Mwaka 2019, akiwa bado ESPN, aliajiriwa na New York Mets kama mshauri. Novemba 2019 ikalipuka kashfa ya Houston Astros ya kuiba ishara za wadakaji kwa kamera, na aliyeifichua ni mchezaji wao wa zamani, Mike Fiers. Januari 2020 Mendoza alimkosoa Fiers kwa kuyasema hadharani. Kelele zikawa kubwa, na mwezi uliofuata akaachana na Mets pamoja na kile kiti cha Jumapili. Alex Rodriguez naye, aliyekosa msimu mzima wa 2014 kwa dawa za kuongeza nguvu, alikuwa mshauri wa Yankees huku akichambua ESPN. Uecker mwenyewe alikuwa sauti ya Brewers, na Brewers ndio waliompa mkate wake. Tulimsamehe kwa sababu hakujifanya mwamuzi.

Hapa kwetu mchambuzi anaweza kula chakula cha mchana na rais wa klabu na jioni akatuambia usajili wa klabu hiyo ni wa kihistoria. Awe alicheza au hakucheza. Ally Mayay alipotoka Yanga akaja kwenye uchambuzi, watu walimpima kwa alichosema juu ya Yanga, na nadhani walikuwa sahihi kumpima hapo.


Mwanahabari, Dar:

Mleta mada, hapo kwa Mendoza umenipata na sitabisha: mtu hawezi kuwa mshauri wa timu na mchambuzi wa ligi ile ile, awe mwanamke, awe nani. Lakini usiseme ni tatizo la wachezaji. Waandishi wenzangu wengine wanapokea nauli na posho za vilabu, tunajuana.

Kipa wa zamani, nimeusoma mchango wako mara mbili. Maelezo yako ya ile raundi ya tisa ni bora kuliko vipindi vingi nilivyoandaa. Nimeona uwanja, na besiboli siijui. Nikuulize kwa dhati: unaweza kukaa dakika tisini bila kusema "kama nilivyosema"? Chukua simu, rekodi mechi ya Jumamosi ukiwa nyumbani, zima sauti ya runinga, tangaza mwenyewe. Kila baada ya dakika tatu taja matokeo. Kisha isikilize yote. Usinitumie ile ya kwanza, wala ya pili.


Kipa wa zamani:

Dada, Jumamosi nina zamu ya ulinzi mpaka saa kumi na mbili jioni. Mechi ya saa moja nitaiwahi. Swali moja tu: golikipa akifanya uzembe na namjua, nilimfundisha mimi, niseme?


Mchangiaji wa Mbagala:

Sema. Tena usisahau kutuambia kama alikosa muunganiko.